Kombe la Asubuhi ya Upasuaji

Harufu ya zafarani iliyolowekwa kwenye marashi hunitia hasira. Najua si jambo la kulisema hadharani, hasa kwa mtu aliyezaliwa Kipungani, mahali ambapo harufu hiyo ni ya harusi, ya maulidi, ya mtoto mchanga aliyetolewa nje kwa mara ya kwanza. Wenzangu wakiinusa hufumba macho na kutabasamu. Mimi hukaza meno. Naiona sahani nyeupe yenye ua la buluu pembeni, maandishi ya zafarani yakianza kuyeyuka chini ya maji, na mkono wa mama yangu uliofungwa kitambaa ukinyooshwa kuyapokea. Kombe lenyewe sina ugomvi nalo. Aya za Mungu zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa, nimezinywa tangu sijaota meno, na mwanangu nimemnywesha. Ugomvi wangu ni na watu wazima watatu, mmoja wao akiwa mama yangu mzazi, ambao asubuhi moja walishindwa kuulizana swali moja dogo, kisha lawama yote wakanitwika mimi niliyekuwa na umri wa miaka kumi.

Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Kwa Kipungani hilo si jambo la kujivunia, maana karibu kila mwanamke wa kijiji kile husuka, na mtoto wa kike hujua kuchana miyaa, majani ya mti wa mkoma, kabla hajajua kusoma. Lakini ukili wa Mama, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka, ulikuwa mwembamba na umebana kiasi kwamba ukiumwagia maji yalikaa juu kwa muda yakitafuta pa kupenyea. Wenye nyumba za wageni kule Shela walituma maagizo wakimtaja kwa jina: mkeka wa Bi Zena, si wa mtu mwingine. Siri yake ilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Vidole vingine vilipokezana miyaa, lakini gumba ndicho kilichokandamiza kila mkunjo mpaka ukatulia mahali pake. Mchana nilikuwa nikilala karibu na miguu yake nikisikiliza mkwaruzo wa miyaa mikavu, na harufu ya rangi zilizochemshwa ikitoka uani, na mara nyingi usingizi ulinichukua kabla hajafika mwisho wa pindi moja la ukili. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa na sauti gani, nitakwambia ni mkwaruzo ule.

Ilikuwa likizo ya Desemba, maembe yameiva mpaka nzi wamekinai. Mama alikwenda porini na wanawake wenzake kukata miyaa, na huko mwiba wa mkoma ukamwingia chini ya kidole gumba, kwenye ile nyama nene ya kiganja, ukakatikia ndani. Alirudi amefunga mkono kwa ncha ya leso, akicheka, akisema ni mwiba tu, kwani hajawahi kuchomwa na mwiba? Baba hakuwepo. Alikuwa upande wa Ndau na wavuvi wenzake wakipiga mbizi kutafuta kamba, na hangerudi kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Kwa hiyo aliyeshika hatamu za nyumba yetu alikuwa shangazi yangu, Bi Rukia, dada mkubwa wa Baba, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja na ambaye hakuhitaji kubisha hodi.

Nataka kumtendea haki Shangazi, ingawa moyo wangu hautaki. Hakuwa tapeli. Alijua miti. Watoto wenye kuharisha waliletwa kwake wakiwa hawana nguvu ya kulia, na wengi waliondoka wanalia, jambo ambalo lilikuwa dalili njema. Mimi mwenyewe alinitibu upele ambao mafuta ya dukani yalikuwa yameshindwa kuutoa. Ndani ya sanduku lake la mbao mlikuwa na habasoda, manjano, subili ile chungu inayokwama ulimini siku nzima, na vifurushi vya majani ambavyo yeye peke yake alijua majina yake. Tatizo la Shangazi lilikuwa moja: hakujua kusema "hili silijui." Sikumsikia akilisema hata mara moja. Aliponda mwarobaini na manjano, akachanganya na mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, akaubandika mkono wa Mama na kusema baada ya siku tatu mwiba utatoka wenyewe. Siku tatu zikapita, akasema saba. Siku ya kumi mkono ulikuwa umevimba kama andazi, Mama anatetemeka kwa homa, na bado Shangazi anabadilisha majani na kusema dawa ndiyo kwanza inaanza kuvuta.

Mama alipiga moyo konde akapanda mashua kwenda Amu, yaani Lamu mjini, akanichukua mimi kwa sababu nilikuwa nasoma na nilikifahamu Kiswahili cha ofisini. Shangazi naye alikuja, bila kualikwa. Kliniki tuliyokwenda ilikuwa ya watu binafsi, nyumba ya zamani iliyopakwa chokaa, na muuguzi wake mkuu alikuwa mama wa bara aliyeitwa na watu wote Sista. Alikuwa mtu mrefu, safi, mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti. Alimkalisha Mama kwenye benchi mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja, akafungua kitambaa, akaona yale majani ya kijani yaliyogeuka meusi. Akayakwangua kwa kijiti, akakiinua kijiti juu ili kila mtu aone.

"Sasa hii takataka mmeweka ya nini?" akauliza. "Hii ni kidonda ama ni shamba?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mama alivuta buibui lake akajifunika uso mpaka machoni, na nilimwona akitazama sakafu kama mtoto aliyejikojolea darasani. Shangazi hakufunika uso. Alimkazia Sista macho, na pale pale nikajua kwamba vita vimeanza, na kwamba uwanja wa vita ni kiganja cha mama yangu.

Sista alikuwa na ujuzi wake, nalo nalisema kwa haki ile ile. Alisema mwiba umezama karibu na kano la kidole, kwamba si kazi ya sindano ya ganzi na wembe, na kwamba Alhamisi ya wiki ijayo atakuja daktari mpasuaji kutoka nje, atakayekaa siku moja tu. Ni upasuaji mdogo, akasema, atalazwa usingizi, ndani ya nusu saa umekwisha. Akatupa pakiti ya vidonge vya rangi mbili vya kukausha usaha, vya kumezwa asubuhi, mchana na jioni hadi siku hiyo. Kisha akanigeukia mimi, akampita Mama kana kwamba benchi lile lilikuwa tupu.

"Wewe msichana, si unasoma? Mwambie mama yako: kuanzia saa sita usiku, asile kitu, asinywe kitu. Na hizo dawa za miti awache."

"Kwa nini asile?" nikauliza. Sikuuliza kwa ubishi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza, na mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akinisifu kwa hilo.

Sista akatabasamu. "Ukisomea udaktari utajua."

Watu wakacheka tena. Nimeyabeba maneno yale matatu maisha yangu yote. Yalikuwa na nafasi ya kutosha ndani yake kuwekwa jibu, na jibu halikuwekwa.

Nyumbani, vidonge havikudumu hata siku moja. Mama alimeza viwili, tumbo likamkoroga, na Shangazi akawa amepata alichokuwa akikitafuta. "Nilikwambia," akasema, "vidonge hivi vyatoma matumbo. Na damu yako i moto, Zena. Watakupasua na damu moto?" Akaichukua pakiti akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akakifunga kifuniko kwa kiganja, na badala yake akaanza kumpa Mama dawa ya kusafisha damu kabla ya kisu: vitunguu thomu vilivyopondwa kichwa kizima kila asubuhi, habasoda, tangawizi na asali. Nyumba ilinuka thomu mpaka paka akahama. Mama alikubali. Alikuwa amechoka, alikuwa na homa, na kati ya mwanamke aliyemkanda mgongo usiku na mwanamke aliyemfanya kichekesho mbele za watu, sidhani kama alikuwa na uchaguzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma maandishi ya pakiti ile kwa sauti, nikisema pameandikwa mara tatu kwa siku, pameandikwa zisiachwe kabla ya kwisha, na Shangazi akaniambia, "Na sista usimwambiye. Akikuuliza, amezila zote." Hivyo nikafundishwa kusema uongo kwa sauti ile ile niliyofundishiwa juzuu.

Jumatano jioni Mama alianza kuogopa. Si kisu alichokiogopa. Aliuogopa ule usingizi. Alisema mtu anayelazwa na dawa roho yake huenda isijue njia ya kurudi, na akaniusia mambo ya mdogo wangu wa kike, nani amchukue, nani asimchukue, huku akijifanya anafanya mzaha. Alfajiri ya Alhamisi, baada ya sala, Shangazi akaja na kombe. Alikuwa amemwomba mwalimu wa chuo cha Kurani aliandike, na mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono mzuri, mistari imejaa sahani nzima. Shangazi akaosha maandishi kwa maji, akamimina kwenye bakuli, na kwa kuwa Mama hakuwa ametia kitu tumboni tangu isha, akaongeza asali na kijiko kikubwa cha habasoda iliyosagwa ili apate nguvu ya safari. Bakuli lilijaa pomoni.

Nikasema, "Sista alisema asinywe kitu."

"Kombe si kitu cha kunwa," akasema Shangazi. "Kombe ni maneno ya Mngu. Sista alikataza chai na mikate."

"Lakini Ramadhani hatunywi kombe mchana. Linafunguza."

Naapa nilimwona Shangazi akisita. Halafu kiburi chake kikamrudia. "Kwani ni sista aliyefaradhisha saumu?" akauliza. "Ile ni saumu ya Mngu. Hii ni ya nani? Walikwambia ni ya nini?"

Nami nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa nikasomee udaktari. Katika akili za watu wa nyumba yetu, katazo lisilo na sababu lilikuwa ni ukali wa mtu tu, na ukali wa mtu huzungukwa. Walidhani hospitali haitaki mgonjwa ashibe ili asije akachafua kitanda. Hilo ndilo lililokuwa wazo lao. Laiti mtu angewaambia kingine, wangekifuata, maana hao ni watu wanaojua kufunga. Huwezi kunionyesha watu wanaojua kufunga kuliko mama yangu na shangazi yangu. Mama akalipokea bakuli kwa mikono miwili, mzima na mbovu, akasema bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili uso wake ulitulia.

Tulifika kliniki kama saa mbili asubuhi. Daktari mpasuaji alikuwa ndani tayari, tulimsikia akikohoa. Mama alikuwa wa tatu kwenye orodha, akavishwa gauni la kijani linalofungwa kwa nyuma, na kwa aibu ya gauni lile akajifunga leso juu yake. Sista akaja na karatasi yake. Akamuuliza Mama kama amekula, Mama akasema la. Kama amekunywa, Mama akasema la, na hakuwa akidanganya. Kwa imani yake alikuwa hajanywa kitu. Lakini Sista labda alinusa thomu, au labda aliona rangi ya zafarani kwenye pembe ya mdomo, maana alinigeukia mimi.

"Wewe unayesoma. Mama amekunywa kitu asubuhi?"

Shangazi aliukamata mkono wangu. Nakumbuka pete yake ikinibana kwenye mfupa. Sikujua kwa nini katazo lilikuwepo, lakini niliona jinsi Sista alivyouliza: aliuliza mara mbili, na safari hii hakuwa akitabasamu. Mtu haulizi mara mbili juu ya kuchafua kitanda. Ndiyo hoja pekee niliyokuwa nayo, hoja ya mtoto, na nikaitumia. Nikasema, "Amekunywa kombe."

"Kombe ndiyo nini?"

Nikaeleza. Miaka yote aliyokaa kwetu, na nadhani ilikuwa mingi, hakuwahi kuuliza. Nikamwambia sahani, zafarani, maji, asali, habasoda. Akauliza kiasi gani. Nikasema bakuli. Sista akaiweka karatasi yake chini polepole, kisha akapasuka. Alipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wakingoja chanjo wakaanza kulia.

"Mnakunywa uchawi halafu mnakuja hapa mnifie mezani? Toka! Nimekufuta. Nenda hiyo uchawi ikupasue!"

Uchawi. Alilitamka neno hilo juu ya aya za Kurani, mbele ya watu wa Amu, kwa mwanamke aliyesimama na gauni lililo wazi mgongoni. Shangazi akajibu kwa maneno ambayo sitayaandika, na Mama akawa analia bila sauti akijaribu kufungua vifungo vya nyuma kwa mkono mmoja. Nikamsaidia. Hakunitazama. Tulitoka nje tukakaa gatini kungoja mashua ya kwetu, ambayo haikuondoka mpaka baada ya alasiri. Nataka ukumbuke hilo, msomaji, kwa sababu mimi sijalisahau: tulikaa pale mpaka alasiri, juani, na tukawaona wagonjwa wengine wakitoka mmoja mmoja na bandeji zao, na jua likiwa limeinama tukamwona daktari mwenyewe akitoka, akinyoosha mgongo, akipanda boti yake. Aliponipita alinikonyeza kama watu wanavyowakonyeza watoto.

Kuanzia siku ile mdomo wangu ukawa na jina. Shangazi hakuwahi kusema kwamba kombe lilikuwa kosa, au kwamba vidonge kwenye kopo la maziwa vilikuwa kosa. Kosa lilikuwa langu. "Kama hakusema huyu," alikuwa akiwaambia wageni, akininyooshea kidevu, "yeo Zena mkono wake mzima." Likawa jambo la ukoo. Ikizungumzwa siri, mtu husema asisikie Maimuna, yaani mimi. Binti wa binamu yangu akiposwa, asisikie Maimuna. Walikuwa wakicheka wakisema hivyo, na mimi nilikuwa nikicheka nao, kwa sababu mtoto akikataa kucheka mzaha wa watu wazima huambiwa ana kiburi. Mama hakuwahi kulisema neno hilo. Lakini hakuwahi kuwaambia waache.

Hakurudi kliniki ile. Ungemburura, asingerudi. Shangazi akabandika na kubandua kwa wiki nyingine tano, na Baba aliporudi kutoka baharini, akaunusa mkono wa mkewe, akamchukua siku ile ile hadi hospitali ya mbali, nje ya visiwa. Huko walimpasua, wakautoa mwiba, wakamwambia Baba kwamba kano la kidole gumba limekwisha kuliwa na usaha. Mkono utapona, lakini kidole hakitakunjika tena. Mwiba wenyewe waliupa Baba ndani ya kichupa, na ulikuwa mfupi kuliko kucha yangu. Mama alijaribu kusuka. Nilimwona akijaribu kukandamiza kwa kidole cha shahada, kisha kwa fundo la kiganja, kisha kwa meno. Ukili ukatoka legelege kama wa mwanafunzi. Siku moja akautupa jikoni ukateketea, akaniambia nimletee mchele anaotaka kuuchagua, na baada ya hapo maagizo kutoka Shela yakaenda kwa wengine. Mkwaruzo wa miyaa ukatoka nyumbani kwetu moja kwa moja.

Sikusomea udaktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Amu, na mwanafunzi akiniuliza kwa nini, namjibu, hata kama kengele imelia na mwalimu mwenzangu amesimama mlangoni anangoja darasa. Ninayo sifa ya kuchelewesha vipindi. Mwaka huu binti yangu, ana miaka saba, aliota nyama puani, akawa anakoroma kama mzee, na tukaambiwa zitolewe: upasuaji mdogo, atalazwa usingizi, jioni yuko nyumbani. Habari ilipofika kwenye kikundi cha simu cha ukoo, likaanza lile lile. Shangazi sasa ni mzee, hatoki kitandani, lakini mjukuu wake humshikia simu, naye hutuma sauti. Thomu kwa wingi kabla ya kisu. Manjano badala ya vidonge vya maumivu. Binamu yangu wa Shela, ambaye siku hizi anauza unga wa majani kwenye mikebe yenye picha ya mtende, akaandika kwamba dawa za hospitali ni sumu na kwamba yeye ana kitu cha asili, atanipa kwa undugu. Mtu mmoja akauliza nani atamwandikia mtoto kombe. Na mwingine, bila shaka kwa mzaha, akaandika: msimwambie Maimuna.

Nilikwenda kituo cha afya na mtoto nikiwa nimekwisha kukasirika. Mama alisisitiza kuja. Aliyetupokea alikuwa muuguzi kijana wa bara, ana ndevu chache za kuhesabika, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Sista. Nikajiweka sawa kwa vita. Akaandika jina, uzito, umri, kisha bila kuinua kichwa akauliza, "Na dawa za nyumbani je? Thomu, tangawizi, habasoda? Hata kama ni kidogo niambieni, sitawagombeza." Nikamwambia hapana, lakini zipo njiani zinakuja. Akacheka. Akasema zikitumiwa kwa wingi, nyingine zinaweza kufanya damu ichelewe kuganda, kwa hiyo tuziweke kando kwanza mpaka atakapotuambia, na akatueleza vidonge vya maumivu vya kumpa mtoto na kwa nini vile na si vingine. Kisha akasema, "Halafu siku yenyewe, asile wala asinywe. Hata kombe, mama. Mnywesheni baadaye, akiamka."

Mama akainua kichwa. "Kwani kombe lina nini?" akauliza.

"Halina kitu, shosho," akajibu, akimwita bibi kwa neno la bara. "Ni maji tu yaliyo na baraka, lakini ni maji. Mtu akilala kwa dawa, koo nalo linalala. Kile kiko tumboni kinaweza kupanda, kiingie kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa hapo hapo mezani."

"Na kama amejisahau akanywa?" nikauliza mimi.

"Anatuambia tu. Tunamrudisha mwisho wa orodha, anangoja kama masaa sita hivi, tunamfanyia mchana. Hiyo ni kawaida, hakuna shida."

Hakuna shida. Alieleza yote hayo kwa muda usiofika wa kumenya chungwa, kisha akageuka kutafuta kalamu. Mimi nikahesabu kwa vidole. Masaa sita. Tulikuwa tumekaa gatini zaidi ya masaa sita. Tulikuwa tumekaa tukimtazama yule daktari akimaliza wagonjwa wake, kidole cha mama yangu kikiwa hai, na aliyekijua kilichohitajika alikuwa ndani na viatu vyake vyeupe, ameshughulika na kuwa na hasira. Na mwingine alikuwa pembeni yetu gatini, ameshughulika na kuwa mshindi. Ningetaka kusema kwamba nilimshukuru yule kijana. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkamata kola nimuulize alikuwa wapi, ingawa wakati ule huenda hata hakuwa amezaliwa.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema Mama.

Hakuwa akimwambia muuguzi. Alikuwa akinitazama mimi, na nikaona akiipitia asubuhi ile upya, bakuli, benchi, pete ya Shangazi kwenye mkono wangu, na kaburi ambamo huenda angelala leo kama ningesema la. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo tangu nina miaka kumi. Lilipokuja halikunipoza hata kidogo. Nilisema tu, "Ni hilo tu, Mama," na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Mama akafungua mkoba wake, akatoa simu. Aliigusa kwa kidole cha shahada, kama anavyofanya siku zote, kidole gumba kikiwa kimesimama pembeni wima. Akatafuta kikundi cha ukoo mpaka akakipata, akabonyeza mahali pa kurekodi sauti, akamwelekezea yule kijana simu karibu na mdomo.

"Hebu regea maneno yako, mwanangu," akamwambia. "Anzia hapo pa kufa mezani. Na useme kwa nguvu, kuna mtu Kipungani hasikii vyema."